Rupia Iliyokula Hewa

Niliisafisha rupia ya Bibi kwa limau na majivu siku ya Jumapili, nikiwa kidato cha pili. Siku naikumbuka kwa sababu nilikuwa bado nimevaa gauni la kanisani, na Mama alinigombeza kwa kulichafua. Kuhusu rupia hakugomba. Aliichukua, akaigeuza, akasema, "Eh! Kumbe ni nyeupe hivi," akanirudishia na kwenda kuangalia maharage yake jikoni.

Nyeupe ilikuwa nyeupe kweli. Nusu saa kabla ya hapo ukingo wake ulikuwa na rangi ya moshi. Ndani ya moshi huo, ukiiinamisha kuelekea dirishani, ulionekana mduara mwembamba wa buluu unaoingia kwenye zambarau, kama shingo ya njiwa anapogeuka juani, na katikati, kwenye shavu la Kaiser, yule mfalme wa Wajerumani aliyechorwa juu yake, kulikuwa na umanjano wa samli. Watu nikiwasimulia hudhani sikuuona. Niliuona. Niliutazama, nikauona mzuri, halafu nikaamua kwamba ni uchafu, kwa kuwa nimelelewa kwenye nyumba ambayo sufuria zinang'aa nje kama zinavyong'aa ndani. Kama sufuria inasuguliwa, hela ya Bibi ina nini hata isisuguliwe?

Bibi aliishi Ukerewe maisha yake yote. Sarafu zake zilikuwa kwenye kopo la kakao lililokaa juu ya uchaga, pale juu ya mafiga, jirani na mbegu za mahindi na samaki waliokuwa wakikaushwa kwa moshi. Alipofariki, matanga yalipokwisha, Mjomba alilishusha kopo na kulimwaga juu ya mkeka mbele ya watu wote: rupia moja ya Mjerumani, shilingi sita za simba, thumni mbili, na senti za tundu zilizotungwa kwenye uzi wa katani. Mama, kwa kuwa ndiye mkubwa, alipewa rupia na shilingi mbili. Senti za tundu tukagawana wajukuu. Zangu hazikumaliza wiki.

Rupia yenyewe ni ya mwaka 1892. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm II na helmeti yake yenye tai kichwani, jina lake likiwa limeandikwa kwa Kilatini, Guilelmus. Upande wa pili kuna simba na mti wa jamii ya mnazi, na jina la kampuni kwa Kijerumani: Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Ndiyo, kampuni. Wengi wetu hudhani rupia zote za Mjerumani zilitolewa na serikali yake, lakini zile za 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni, na za serikali zilifuata kuanzia 1904. Uzito ni gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake 917 ni fedha, zilizobaki shaba. Vipimo hivyo vilifuata vya rupia ya India, maana rupia ya India ndiyo iliyokuwa imezoeleka na kuaminika pwani hadi bara, na mwenye duka asingekubali kupokea kitu chepesi zaidi eti kwa sababu kina sura ya mfalme mpya. Baadaye, kodi ilipodaiwa kwa sarafu, zikaingia hadi visiwani, kwenye vibuyu na makopo ya watu ambao hawakuwahi kumwona huyo Kaiser wala tai wake.

Nilipomaliza kidato cha nne, hali ya nyumbani ikiwa mbaya, niliipeleka kwa bwana mmoja mjini aliyekuwa akinunua sarafu za zamani. Aliipokea kwa kuishika ukingoni, kwa vidole viwili, akaiweka chini ya taa na kuizungusha polepole.

"Nani kaisugua hii, binti?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Akanipa kioo cha kukuzia. Niliona mamia ya mikwaruzo myembamba, yote ikizunguka upande mmoja, jinsi mkono wangu ulivyokuwa ukizunguka ile Jumapili. Majivu ya kuni tunayaona laini kwa sababu vidole vyetu havihisi chembe ndogo. Ndani yake zimo chembe ngumu za aina ya mchanga, na fedha ni madini laini. Limau nalo ni asidi. Nilikuwa nimeipiga msasa rupia ya watu.

"Ingekuja kama ilivyotoka kwa bibi yako, tungekaa tukazungumza," alisema. "Hii sasa nainunua kwa gramu."

Sikumwuzia. Ila kwa aibu, ili nisitoke mikono mitupu, nilinunua kwake vifuko viwili vya plastiki laini vya kuhifadhia sarafu. Vifuko hivyo nitavirudia, maana nina kesi navyo.

Kwanza niseme jambo kuhusu maneno, kwa kuwa limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Kwetu fedha ni madini, na fedha ni hela. Neno moja, limetoka kwenye Kiarabu, na huko kwao ni madini. Sasa watazame ndugu zake. Hela ni heller ya Mjerumani, sarafu ndogo iliyoingia mwaka 1904, 100 kwa rupia moja. Pesa ni paisa ya India, 64 kwa rupia. Zote mbili zilikuwa za shaba. Kwa hiyo tunapolia kwamba hatuna hela, tunachokililia kwa hakika ni shaba. Fedha imebaki kwenye mambo ya heshima: Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha, taasisi za fedha. Na hata huko ni jina tupu, kwa maana shilingi ya kwanza ya Tanzania, ile ya 1966, ilikuwa shaba na nikeli, bila chembe ya fedha. Kopo la Bibi ndilo pekee katika ukoo wetu lililokuwa na fedha kwa maana zote mbili.

Neno la pili ni kiberiti. Kabla ya kuwa kijiti cha kuwashia jiko, kiberiti ni lile jiwe la njano, salfa. Fedha na kiberiti wanapendana kupita kiasi. Chuma ukikiacha nje kinashikwa na unyevu na oksijeni, kinapata kutu. Fedha haina shida hiyo. Lakini ikutane na gesi yenye salfa, hasa hidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, hata kiasi kidogo ambacho pua haisikii, basi inaungana nayo na kuwa salfaidi ya fedha. Hewa ikiwa na unyevu, kazi inakwenda haraka zaidi. Na sisi wa kando ya ziwa, kwa unyevu, hatuna wa kumwonea wivu. Gesi yenyewe inatoka kwenye matope ya mafunjo, kwenye magugu maji yanapooza yakiwa yamesukumwa ufukweni, kwenye samaki, kwenye vitunguu, kwenye mayai, kwenye mpira, kwenye nguo za sufu, hata kwenye karatasi za aina fulani.

Salfaidi ya fedha ni nyeusi. Kemia ya kidato cha tatu iliishia hapo, na mwalimu akafuta ubao. Kilichonisumbua ni kwamba ile rupia haikuwa nyeusi. Buluu ilitoka wapi?

Jibu nililipata kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nikiwa nimeenda kumsaidia Mama. Mama anauza dagaa kwa jumla. Boti zinakuja kutoka visiwani zimejaa magunia, na pale zinapofunga maji hayatulii wala hayatakati: mafuta ya injini yametandaa juu. Asubuhi ile jua lilikuwa limeanza kupanda na uso wa maji ulikuwa na rangi zote, zambarau, kijani, waridi, buluu, zikijikunja kila boti inapopita. Nilisimama na gunia begani kama mjinga. Mafuta ya injini hayana zambarau yakiwa ndani ya galoni. Yanaipata yanapotandaa yakawa membamba.

Ndivyo ilivyo kwa fedha. Salfaidi inapoanza kujijenga ni utando mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mwanga ukifika, sehemu yake inadunda pale juu ya utando, na sehemu inapenya, inagonga fedha iliyo chini na kurudi. Miale hiyo miwili inakutana njiani, mmoja ukiwa umechelewa kidogo. Kutegemea unene wa utando, rangi fulani zinauana na nyingine zinapeana nguvu. Utando ukiwa mwembamba kabisa, buluu ndiyo inayopotea, na jicho linaona njano, ule umanjano wa samli. Ukiongezeka, njano inaiva kuwa kahawia yenye wekundu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu inapauka hadi samawati iliyo karibu na weupe, halafu duru inaanza upya kwa njano nyingine, waridi, kijani. Mwisho utando unakuwa mnene, mwanga unaoingia haurudi, na hapo ndipo weusi wa kidato cha tatu unapopatikana. Rangi za duru ya kwanza ni utando wa makumi ya nanomita tu. Unywele wa binadamu una nanomita 50,000 hadi 100,000.

Nilipolielewa hilo, nikiwa mtu mzima mwenye kazi, nilikaa kitandani nikaichora rupia kama nilivyoikumbuka. Ukingo wa moshi, yaani utando mnene. Kisha buluu, kisha zambarau, kisha njano katikati. Mpangilio huo haukosei: kutoka nje kuingia ndani, utando ulikuwa ukipungua unene hatua kwa hatua. Ukingo ulikuwa wazi kwa hewa na katikati palikuwa pamefunikwa. Pamefunikwa na nini? Ndani ya kopo kulikuwa na shilingi, ambayo inakaribia upana wa rupia na ingeacha ukingo mwembamba sana, na kulikuwa na thumni, ambayo ni ndogo. Ni thumni. Kwa miaka mingi thumni moja ilikuwa imelala juu ya shavu la Kaiser, ndani ya kopo, juu ya uchaga, juu ya moshi na samaki, na Bibi hakuisogeza. Alikuwa na hela mbili zilizolala pamoja na akaziacha zilale. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeandikwa pale, na mimi ndiye niliyeifuta kwa limau la shilingi hamsini.

Baada ya hapo nikashikwa na wazimu wa majaribio. Sarafu za zamani sikutaka kuzichezea tena, kwa hiyo nilikwenda kwa sonara mmoja mzee, mtaa wa nyuma si mbali na Makoroboi, mahali ambapo jina lake lenyewe limetokana na taa za koroboi zilizokuwa zikitengenezwa hapo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umeleta dhahabu?"

"Sijaleta. Nataka fedha."

"Fedha nani hataki?"

Alicheka mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akanikatia vipande vitatu vya duara kutoka kwenye bati la fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha kwa 1,000, akavipiga brashi hadi nikaona meno yangu. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeombwa kupika ubwabwa kisha akaambiwa utamwagwa.

Masika yalipoanza nilitundika kipande cha kwanza kwa uzi kwenye stoo ya dagaa ya Mama. Cha pili nilikitia kwenye bahasha ya kaki nikakizungushia mpira wa kufungia noti. Cha tatu nilikitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki wa kubana, pamoja na kile kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya boksi la viatu, nikakiweka kabatini chini ya mashuka.

Wiki ya pili cha stoo kilikuwa kimeanza kuwa njano upande unaotazama magunia. Upande wa ukutani ulichelewa. Mwisho wa Mei kilikuwa zambarau katikati na buluu ukingoni, na palepale, karibu na tundu la uzi, ilijitokeza alama ya kidole gumba changu, nyeusi, mistari yote ikisomeka kama kwenye fomu ya kitambulisho. Sikukumbuka kukigusa. Jasho lina chumvi na mafuta, na fedha haikusahau. Cha bahasha kilikuwa na kahawia kidogo kote, lakini pale mpira ulipopita palikuwa na mstari mweusi wenye kingo za buluu, umenyooka kama umepigwa rula, kwa sababu mpira huimarishwa kiwandani kwa salfa na salfa hiyo haikai kimya. Cha kabatini kilibaki kama kilivyotoka kwa fundi, labda umanjano kidogo sana ambao huenda ulikuwa wa macho yangu.

Nilivipeleka vyote vitatu kwa fundi. Alichukua cha stoo, akakinusa.

"Hii imekula dagaa."

"Wewe huwa unasemaje kwa wateja?"

"Nawaambia imekula hewa. Mkufu ukikaa unakula hewa. Mwingine anakuja analia nimemwuzia bandia. Namwambia, mama, bandia haili hewa namna hii."

Aliniambia wakongwe wake walisafishia ukwaju, yeye sasa anatumia njia ya sufuria. Tukaifanya kwa kipande cha bahasha: sufuria ya alumini, maji ya moto, magadi ya kuokea, kipande kikiwa kimegusa chini. Mara harufu ya yai viza ikapanda, mstari mweusi ukaanza kuyeyuka machoni petu. Alumini inaipokonya fedha ile salfa, na fedha inarudi kuwa fedha. Kwa kijiko na mkufu ni njia nzuri, na haikwaruzi. Lakini tulipokikausha, pale palipokuwa na mstari palibaki na uweupe usio na kina, kama ukuta uliopigwa chokaa. Fedha ilikuwa imerudi, ndiyo, ila haikurudi mahali pake. Imejirundika ovyo ovyo. "Hapo ndipo napiga brashi," alisema fundi. Kwa sonara brashi ni sehemu ya kazi. Kwenye sarafu ndiyo msumari wa mwisho.

Hili linahitaji subira kidogo. Sarafu mpya ina mng'ao usio wa kioo. Muhuri wa chuma unapoigonga, madini yanasukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, yakiacha vijimifereji visivyoonekana kwa macho. Vijimifereji hivyo ndivyo vinavyofanya mwanga uzunguke kama njiti za baiskeli unapoiinamisha. Utando mwembamba unavaa juu yake kama kanga nyepesi na mng'ao unaonekana chini. Ukiisugua, unaikata mifereji. Ukiichovya kwenye dawa za asidi zinazouzwa kwa kusafishia vito, dawa inaondoa utando pamoja na ile fedha iliyokwisha kugeuka, na kila ukichovya mifereji inapungua kina. Ukirudia mara chache unabaki na sarafu nyeupe, safi, isiyo na uhai. Na utando mweusi, ule mnene, nao umeshaila mifereji kabla hujafika. Sitaki kumdanganya mtu: rangi hizi ni fedha iliyoliwa. Pale palipo na buluu, chembe za Kaiser zimegeuka kitu kingine na hazirudi. Ninaposema usisafishe sisemi kwamba fedha imepona. Ninasema umechelewa, na mkono wako utaongeza hasara ya pili.

Wenzetu wa Marekani wamefika mbali zaidi. Dola zao za fedha za aina ya Morgan zilikaa miongo mingi kwenye vyumba vya hazina, ndani ya magunia ya turubai, dola 1,000 kila gunia. Zile zilizogusa kitambaa zilipata rangi za upinde wa mvua, nyingine zikabeba hadi alama ya mfumo wa nyuzi, na pale sarafu ya jirani ilipofunika pamebaki hilali nyeupe. Kwa sarafu ya namna hiyo watu hulipa mara nyingi ya bei ya nyeupe. Na penye bei, hamkosi fundi wa bei. Ziko zinazopikwa kwa moto wa gesi, zinazofungiwa na yai la kuchemsha, zinazopakwa salfaidi ya potasiamu. Nimezoea kuzitazama mtandaoni jioni, na nyingi zinajifichua kwa kutofuata duru: kijani kali kinakaa pembeni mwa njano bila kupitia zambarau wala buluu, kama mtu anayesimulia alipanda daladala Igoma akashuka Kirumba bila kupita mjini. Au rangi imeingia ndani ya mikwaruzo sawasawa na nje yake, ikimaanisha mikwaruzo ilitangulia. Utando wa miaka hukaa tofauti pembeni mwa herufi, kwa sababu herufi zinaukinga uso wa sarafu ulio kando yake dhidi ya vidole na hewa.

Ila mimi, baada ya haya yote, upinde wa mvua haunivuti sana. Ninazipenda shilingi za simba.

Shilingi ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza kugongwa 1921 ikiwa na George V upande mmoja na simba mbele ya milima upande mwingine, ina gramu 7.78, na fedha ndani yake ni sehemu 250 tu kwa 1,000. Robo. Haifiki gramu mbili za fedha. Rupia ina zaidi ya 10. Zilizobaki ni madini ya bei nafuu, shaba ikiongoza. Na shaba nayo ina hasira zake. Kwa hiyo shilingi haiwi buluu kirahisi. Inakuwa kahawia, inakuwa rangi ya chai ya rangi, inapata madoa ya kijivu, na pale palipolika, kwenye paja la simba na ndevu za mfalme, panatokeza umanjano wa shaba kana kwamba imechoka kujifanya. Hakuna anayeipika kwa mayai ili aiuze. Hizi ndizo zilizolipa pamba ya Usukuma, zikafungwa kwenye ncha za kanga, zikalipa nauli ya meli na ada ya shule. Jasho la viganja vyote hivyo limo kwenye ile kahawia. Ninazo mbili za Mama, na moja ni ya 1924.

Hiyo ya 1924 ndiyo yenye kesi na kifuko. Niliitia kwenye kile kifuko laini nilichonunua kwa yule bwana, nikaiacha miaka mitatu nikijisifu kwamba safari hii ninahifadhi kitaalamu. Nilipoitoa ilikuwa inanata. Shingoni mwa mfalme kulikuwa na ute wa kijani. Plastiki ile laini ni ya PVC: ina klorini, na ina mafuta yanayotiwa ili ilainike. Ikizeeka kwenye joto vyote viwili vinatoka, mafuta yanatambaa kwenye sarafu na asidi inayotokana na klorini inaila shaba. Mtu aliyenikemea kwa kusugua aliniuzia sumu kwa bei ya rejareja, na sidhani alijua.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba "usiguse" nayo si sheria ya msahafu. Ute wa PVC huachwi, kwa sababu unaendelea kula. Unaondolewa kwa asetoni halisi, ile isiyochanganywa na manukato na mafuta kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwenye kikombe cha kioo, dirisha wazi, mbali na jiko. Unaloweka, unabadilisha asetoni, unaacha ikauke yenyewe. Hakuna kitambaa. Asetoni inayeyusha mafuta na haigusi salfaidi, hivyo kahawia ya shilingi yangu ilibaki. Chini ya ute, lakini, shaba ilikuwa imeshachimbwa vitobo vidogo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Shingo ya mfalme haitapona.

Siku hizi zote ziko kwenye vifuko vya plastiki ngumu isiyo na klorini, ndani ya boksi, na vile vipakiti vya boksi la viatu. Kwenye droo ya chini. Hakuna mpira wa kufungia noti chumba kizima, mume wangu ameshazoea.

Rupia peke yake sikuifungia. Nimeiweka kwenye kisahani cha udongo juu ya rafu ya vitabu, wazi, mahali ambapo upepo wa ziwa unaingia jioni. Ni kosa kwa kila kanuni niliyoandika hapo juu. Miaka minne ya kwanza haikufanya kitu, au sikuona. Mwaka jana, baada ya vuli, niliona ukingoni, karibu na herufi za mwisho za Gesellschaft, kitu kama doa la chai. Nikadhani ni mwanga wa taa. Nikaitoa nje asubuhi. Lilikuwepo. Mikwaruzo yangu inaonekana chini yake, kila mmoja, umepakwa njano.

Mama alikuja Krismasi. Macho yake yamepungua nguvu lakini uchafu hajawahi kuukosa. Aliichukua kutoka kwenye kisahani, akaisogeza puani.

"Hii hela ya Bibi yako imeanza kuchafuka tena. Limau lipo?"

"Lipo, Mama, lakini liache."

Aliitazama vizuri, akaiinamisha kuelekea dirishani bila mimi kumwambia. Akakaa kimya kidogo.

"Hii nayo uliitundika kwenye dagaa wangu?"